Mafua ya Julai: Shule Inafunguliwa, Baridi Inasingiziwa

Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi ya Njombe na Makete haina mchezo. Kuna asubuhi bustani za viazi zinaamka zimechomwa na umande ulioganda, na mtoto aliyetembea kilomita mbili kwenda shule anafika vidole vimekufa ganzi, hata kalamu haishikiki. Watu wa Limuru na Nyandarua, upande wa Kenya, wanaijua hali hiyo hiyo. Miezi hiyo hiyo ndiyo darasa zima linapenga kamasi. Mzazi anajumlisha mawili na mawili: baridi imempiga mtoto. Basi anaongezewa sweta la pili, anavishwa kofia, na kote kote, nyumbani na shuleni, madirisha yanafungwa.

Sweta halina ubaya. Ugomvi wangu uko kwenye madirisha.

Hebu tuangalie kalenda ya shule kabla ya kuangalia kipimajoto. Shule za msingi za Tanzania hufunga kwa likizo fupi mwezi Juni na kufunguliwa Julai. Katika wiki hizo watoto wametawanyika: mmoja alikuwa Dar es Salaam kwa shangazi, mwingine Kyela kwa bibi, mwingine hakutoka Makambako lakini nyumbani kwao walipokea wageni. Kila mmoja anarudi na kirusi kilichokuwa kinazunguka huko alikokuwa. Jumatatu wanakaa watatu watatu kwenye dawati moja, wanasimuliana ya likizo uso kwa uso, na kwa kuwa nje kuna baridi, mlango umerudishiwa. Siku mbili au tatu baadaye makamasi yanaanza. Mambo mawili yametokea kwa pamoja, baridi na kufunguliwa kwa shule, ila lawama zote inabeba baridi kwa sababu ndiyo inayouma.

Mafua huletwa na virusi. Aina za virusi vinavyoweza kumpa mtu mafua ya kawaida zinazidi 200, na kundi moja tu, la rinovirusi, lina aina zaidi ya 150. Ndiyo maana mtoto anaweza kupona wiki hii na kuanza upya wiki ijayo: mwili umejifunza kupambana na aina moja, inakuja nyingine ambayo haujawahi kuiona. Mtoto wa umri wa kuanza shule kuugua mafua mara sita hadi nane kwa mwaka ni jambo la kawaida, na wala si dalili kwamba kinga yake ni dhaifu. Mtu mzima hupata mara mbili au tatu, kwa kuwa ameshapitia nyingi.

Na baridi je, haina mkono wowote hapa? Swali hili limewasumbua watafiti muda mrefu kuliko inavyodhaniwa, na jibu la kuvutia zaidi lilitoka mahali penye baridi ambayo Makete haijapata kuiota. Mwaka 1933 ulichapishwa utafiti uliofanyika Longyearbyen, mji wa wachimba makaa ya mawe kwenye kisiwa cha Spitsbergen, karibu na ncha ya kaskazini ya dunia. Majira ya baridi bahari huko iliganda, meli hazikufika, na kwa miezi kadhaa wakazi walibaki peke yao. Kama baridi ingekuwa mama wa mafua, mji ule ungekuwa kitanda kimoja cha wagonjwa. Kilichoonekana ni kinyume chake: kadiri baridi ilivyozidi kuwatenga na dunia, ndivyo mafua yalivyopungua hadi karibu kutoweka. Barafu ilipoyeyuka na meli ya kwanza kutia nanga, mji mzima ukaanza kupiga chafya. Meli ile kwetu ni siku ya kufungua shule.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilianzisha kituo maalumu cha kuchunguza mafua karibu na mji wa Salisbury. Watu walijitolea kukaa pale, wakatiwa virusi puani kwa matone, na wengine wakasimamishwa kwenye korido yenye upepo wakiwa wameloa chapachapa. Waliopigwa na baridi bila kutiwa kirusi hawakupata mafua. Hata hivyo mjadala haukuishia hapo. Mwaka 2005 watafiti wa Cardiff waliwachukua watu 180, nusu yao wakatumbukiza miguu kwenye maji baridi kwa dakika 20. Katika siku chache zilizofuata, 13 kati ya 90 waliotumbukiza miguu walisema wana mafua, na kwa wale wengine 90 walikuwa 5. Tena mwaka 2015 watafiti wa chuo cha Yale, wakitumia chembe hai za panya, walionyesha kwamba rinovirusi huzaliana vizuri zaidi kwenye nyuzijoto 33, joto la ndani ya pua iliyopoa, kuliko 37, na kwamba katika ubaridi huo ulinzi wa chembe hizo unalegea.

Kwa hiyo bibi hakukosea yote. Pua iliyopoa huenda ikampa nafasi kirusi ambacho tayari kimo ndani, au kimeingia asubuhi hiyo. Lakini kirusi lazima kitoke kwa mtu. Upepo wa milima ya Kipengere hauna mafua ndani yake. Mafua anayo jirani wa dawati.

Hapa tutenganishe magonjwa mawili ambayo sisi tunayaita kwa jina moja. Mafua ya kawaida yanaingia taratibu: koo linawasha, pua inatiririka, chafya, homa kidogo au hakuna kabisa, na mtoto bado anacheza ingawa analalamika. Homa ya mafua, ile inayoletwa na virusi vya influenza, inamwangusha mtoto. Saa nne asubuhi alikuwa kwenye mpira, jioni amelala, mwili unamchemka, kichwa na misuli vinamuuma, chakula hataki, mara nyingine anatapika. Huweza kumlaza siku tatu hadi tano. Wengi hupona wenyewe, lakini hii ndiyo inayoweza kufungua mlango kwa nimonia, hasa kwa wadogo wa chini ya miaka mitano waliobaki nyumbani, wenye pumu, wenye selimundu na wenye ugonjwa wa moyo. Mtoto wa darasa la pili anaweza kuivuka salama na kumwachia mdogo wake wa miezi minane. Chanjo ya homa ya mafua ipo duniani, lakini haimo katika ratiba ya kawaida ya watoto, si Tanzania wala Kenya. Zilizomo kwenye ratiba zinasaidia kwa njia nyingine: chanjo ya nimokokasi, bakteria anayeleta nimonia, iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2011 na Tanzania muda mfupi baadaye, pamoja na pentavalenti (tano kwa moja) na ile ya surua, hukinga dhidi ya baadhi ya magonjwa yanayoua kwa kuvamia kifua. Kadi ya kliniki ya mdogo ikiwa na mapengo, msimu huu ni wakati wa kuyaziba.

Turudi darasani. Virusi hivi husafiri kwa njia tatu: matone ya kikohozi na chafya yanayoruka karibu, chembe ndogo zaidi zinazoelea hewani ndani ya chumba, na mikono. Njia ya pili ndiyo tunayoisahau. Mtoto anapopumua, kuimba na kusoma kwa sauti, anatoa chembe zisizoonekana. Chumba kikiwa wazi zinapeperuka, kikifungwa zinajikusanya. Kiwango cha serikali ya Tanzania ni wanafunzi 45 kwa darasa, na walimu wengi wakisoma sentensi hii watacheka, maana wao wanafundisha 80, na kuna wanaofundisha zaidi ya 100. Ukiwafungia watoto 80 kwa vipindi viwili mfululizo, kila mmoja anavuta hewa iliyokwisha kupita kwenye mapafu ya wenzake.

Ninachoshauri ni kitu ambacho mwalimu anaweza kukifanya bila kibali wala bajeti. Wakati wa kipindi, yaachwe wazi kidogo madirisha mawili yanayotazamana, moja kila upande, ili hewa ipite juu ya vichwa. Yale ya nyuma au ya juu yanafaa zaidi kwa sababu hayawapigi watoto usoni. Wakati wa mapumziko kila kitu kifunguliwe na kila mtoto atoke nje, hata kama kuna ukungu. Sweta ni kwa ajili ya hilo: limvishe mtoto joto ili dirisha liweze kubaki wazi. Shule nyingi za vijijini zenye madirisha yasiyo na vioo zinapata faida hii bila kuomba, ingawa watoto wanatetemeka. Ninaoogopa zaidi ni watoto wa mjini wanaopanda basi la shule saa kumi na moja alfajiri, thelathini ndani ya gari, vioo vyote vimepandishwa, safari ya saa nzima na zaidi. Dereva akishusha kioo kimoja mbele na kimoja nyuma kwa upana wa vidole vinne, amefanya kazi kubwa kuliko chupa yoyote ya vitamini. Kwenye mabweni, vitanda visogezwe viachane, na pasipo nafasi watoto walale kichwa kwa miguu, huyu kichwa huku na jirani yake kichwa kule.

Sasa mkono wa sweta. Mtazame mtoto wa darasa la kwanza ifikapo Alhamisi: mkono wa kulia, kuanzia kiwiko hadi kwenye kifundo, umekakamaa na kung'aa kama umepakwa wanga. Analo sweta moja tu. Linafuliwa Jumamosi, tena kama kuna jua la kulikausha, na kwa Julai ya Njombe jua ni bahati. Mkono huo huo unashika dawati, unashika daftari la mwenzake, unashika kata ya maji. Kumwambia mtoto huyu "usijifute kwa sweta" bila kumpa kitu cha kujifutia ni kumwonea. Kanga kuukuu ikikatwa vipande sita inatoa leso za wiki nzima: kimoja mfukoni kila siku, jioni kinatiwa kwenye maji ya sabuni. Kinakauka hata karibu na jiko, jambo ambalo sweta la sufu haliwezi. Na leso isipokuwepo, mtoto afundishwe kukohoa ndani ya kiwiko, si kwenye kiganja, kwa kuwa kiganja ndicho kinachoshika kila kitu.

Kuhusu kunawa mikono, janga la korona lilituachia vibuyu chirizi kila kona, kisha tukaviacha vikauke. Dumu la lita tano, tundu dogo, kamba, kijiti cha kukanyaga, na kipande cha sabuni kilichofungwa ndani ya soksi ili kisiibwe: hicho tu. Kirusi cha influenza kina ganda la mafuta ambalo sabuni hulivunja. Rinovirusi haina ganda hilo, hivyo kwake kinachofanya kazi ni kusugua hadi ing'oke na kuoshwa, na ndiyo maana tunasema sekunde 20, si kulowesha ncha za vidole. Kwa nyanda za juu kuna kikwazo ambacho mabango ya afya huwa hayakitaji: asubuhi maji ya dumu ni baridi kama barafu, mtoto anayakwepa. Maji hayahitaji kuwa ya moto ili yaondoe virusi, yanahitaji tu kutumika. Dumu likiwekwa upande wa mashariki wa darasa, mahali jua linapopiga mapema, ifikapo saa nne ya uji limevunjika ubaridi.

Jambo moja halisemwi sana: usingizi. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani waliwatia watu wazima 164 rinovirusi puani baada ya kupima usingizi wao kwa wiki moja. Waliolala chini ya saa sita walikuwa na uwezekano wa kuugua mara nne zaidi ya waliolala zaidi ya saa saba. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa tisa hadi kumi na mbili. Anayeamshwa saa kumi alfajiri apande basi, kisha usiku akamalizia kazi za nyumbani saa nne, hesabu yake haifiki popote. Mzazi anamnunulia vidonge vya vitamini C, ambavyo kwa watu wa kawaida havizuii mafua. Vikitumika kila siku vinayafupisha kidogo tu. Chungwa na pera vinatosha, tena vinapendwa.

Akishaugua, tufanye nini? Kidogo kuliko tunavyofanya. Maji, uji, supu, kupumzika. Chai ya tangawizi au mchaichai inatuliza koo. Asali kijiko kimoja usiku inapunguza kikohozi, na hili limepimwa, ila kamwe usimpe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwa hatari ya sumu ya botulini. Kujifukiza mimi simshauri mtoto: sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi imeunguza wengi, na faida yake ni ndogo. Homa ikimsumbua, paracetamol inatosha, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 20 anapata nusu ya kidonge cha miligramu 500, kila baada ya saa sita, mara nne kwa siku nzima na zisizidi. Aspirini asipewe mtoto mwenye homa ya mafua, kwani inaweza kuleta madhara mabaya ya ini na ubongo.

Amoksilini na septrini, zile zinazonunuliwa vidonge sita sita kwenye duka la dawa, haziui virusi. Kamasi kugeuka kijani si dalili kwamba sasa bakteria wameingia. Ni rangi ya kawaida ya siku za katikati za mafua. Dozi ya nusu nusu inamharisha mtoto na kuwafundisha bakteria ukaidi, na siku akipata nimonia ya kweli dawa inaweza kugoma. Dawa za maji za kikohozi nazo zinahitaji jicho. Baadhi tayari zina paracetamol ndani, hivyo mama anayempa mtoto ya chupa na ya kidonge anampa dozi mbili bila kujua. Mwezi Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari baada ya watoto zaidi ya 60 wa Gambia kufariki kwa figo kushindwa kazi, vifo vilivyohusishwa na dawa za maji za aina hiyo zilizochafuliwa na kemikali yenye sumu iitwayo diethilini glaikoli.

Kuna kosa jingine la msimu ambalo linaua kimya kimya: jiko la mkaa kuingizwa chumbani usiku ili watoto wapate joto, mlango ukafungwa. Kaboni monoksidi haina harufu, na asubuhi jirani ndiye anayevunja mlango. Bila hata kufika huko, moshi wa kuni ndani ya nyumba huwasha njia za hewa za watoto na kuzidisha hatari ya nimonia. Joto litafutwe kwenye mablanketi na kulala pamoja, jiko libaki nje.

Nimonia inatambulika kwa kuhesabu pumzi. Mvue mtoto nguo ya juu akiwa ametulia, shika saa, hesabu kifua kinavyopanda kwa dakika nzima. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni nyingi mno. Wa mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Kwa mwanafunzi aliyevuka miaka mitano, zikizidi 30 akiwa amepumzika, usingoje kesho. Na idadi yoyote iwe, akiwa anabonyea chini ya mbavu kila anapovuta hewa, anashindwa kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege au amelegea haamki vizuri, safari ya kituo cha afya ianze saa hiyo hiyo.

Tena si kila homa ya Julai ni mafua. Yule mtoto aliyerudi Njombe kutoka Kyela, au kutoka pwani, akipata homa apimwe malaria hata kama kwenu mbu hawaonekani, kwa sababu aliumwa huko alikokuwa na ugonjwa unajitokeza wiki moja au mbili baadaye. Surua nayo huanza kwa kamasi, kikohozi na macho mekundu kabla vipele havijatoka usoni.

Nani abaki nyumbani? Pua inayotiririka peke yake haitoshi kumzuia mtoto. Tukifanya hivyo nusu ya shule itabaki mitaani Julai yote. Mwenye homa abaki, na arudi baada ya kukaa saa 24 bila homa na bila kumezeshwa dawa ya kuishusha. Kumpa paracetamol saa kumi na mbili asubuhi ili homa isijulikane hadi saa nne ni mchezo tunaoujua sote, na shule zinauchochea zinapotoa zawadi kwa ambaye hajakosa hata siku moja. Ningekuwa mwalimu mkuu ningeifuta zawadi hiyo.

Kikohozi kitabaki nyuma baada ya mengine yote kuisha, mara nyingine hadi wiki tatu tangu mafua yaanze, na mtoto anayekohoa kidogo huku akicheza na kula anaweza kuendelea na masomo. Lakini kikifika wiki mbili, hata kama huenda ni mabaki ya mafua tu, mpeleke akachunguzwe kifua kikuu, hasa kama anapungua uzito, anatoka jasho usiku, au nyumbani kuna mtu mzima anayekohoa kwa muda mrefu. Katika vituo vya serikali uchunguzi huo na dawa zake ni bure, na mtu mzima huyo apimwe siku hiyo hiyo.